Jua Lililoishia Kwenye Ua wa Shule

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi niliyolisogeza jua karibu na kijiji chetu cha Roret, na hakuna aliyeungua isipokuwa mtoto mmoja. Usicheke kwanza. Sikia.

Ilikuwa ile miaka serikali ilipotuambia tuache maili tushike kilomita. Nilikuwa mwalimu mpya wa darasa la saba, msichana wa Kisii niliyelelewa huku kwa Wakipsigis, kwa sababu baba yangu alikuja kufanya kazi ya chai, akapapenda, akanunua shamba. Kiburi nilikuwa nacho, tena cha kugawia majirani. Kitabu changu kilikuwa cha zamani, cha maili, na kilisema kutoka dunia hadi jua ni milioni tisini na tatu. Nikashika chaki nikaandika ubaoni: kilomita milioni tisini na tatu. Nilibadilisha jina tu, hesabu nikaiacha vile ilivyokuwa.

Msichana mmoja, Chebet, akasimama. "Mwalimu, kaka yangu wa sekondari alisema ni milioni mia moja hamsini."

Loo! Damu ikanichemka. "Mwalimu wako ni mimi ama ni kaka yako?"

Darasa likaangua kicheko, nami nikamsimamisha Chebet akitazama ukuta mpaka saa sita. Mtoto alilia kimya kimya. Nilimwona, nikajifanya sioni. Aibu hiyo ninayo hata leo.

Jumatatu hakuja. Jumanne pia. Chai ya kwao ilianzia ng'ambo ya ua wetu, kwa hivyo nilimwona dirishani, kikapu mgongoni, anachuma. Nikatuma ujumbe. Babake akajibu, "Kama shule ni ya kuchekwa, heri achume majani. Majani hayamcheki." Na mtihani wa mwisho ulikuwa umebaki miezi miwili! Asipoufanya, masomo yake yangeishia hapo kwenye kikapu.

Nikamweleza baba yangu, nikitarajia anipe pole. Kazi yake ilikuwa kuwapimia watu mashimo ya chai kwa kamba ya katani yenye mafundo, futi tano kutoka mstari hadi mstari. Alinisikiliza akiikunja kamba yake, kisha akaniuliza, "Kemunto, mama, nikimwambia mtu aache nafasi ya tano, ataacha ngapi?"

"Futi tano, baba."

"Na akishika hii mita yenu mpya, akaacha mita tano?"

Nikacheka. "Ng'ombe watapita katikati ya chai wakisalimiana!"

"Basi wewe umepanda jua namna hiyo." Yeye hakucheka. "Kamba haijui kama ni ya futi ama ya mita. Anayejua ni yule aliyeishika. Mtoto alikuambia shimo haliko mahali pake, na wewe ukamchapa na kamba."

Mwanangu, nilitamani ardhi inimeze. Nikatafuta kalamu. Maili moja ni kama kilomita moja nukta sita. Tisini na tatu mara moja nukta sita, nikapata mia moja arobaini na nane na ushei. Hata kwa hesabu ya harakaharaka, Chebet alikuwa na haki yake.

Kesho yake baba alikuja shuleni mwenyewe, na kamba ameifunga mafundo mapya, mita thelathini kamili. Nikawaambia watoto kila mita ihesabiwe kilomita milioni moja, na mlango wa darasa uwe dunia. Baba ndiye aliyechagua upande wa kuvutia kamba, na sijawahi kuamini ilikuwa bahati tu. Kamba tatu na mita tatu, tukawa uani.

"Hapa ndipo mwalimu wenu aliweka jua," nikasema. "Nilikosea. Twendeni mbele."

Tukafungua geti, tukaingia kwenye chai. Kamba ya tano ikaishia miguuni pa Chebet, anachuma kando ya babake.

"Chebet, ulisema kweli," nikamwambia mbele ya wote. "Jua liko hapa ulipo. Nisamehe."

Babake Chebet akaitazama kamba, akalitazama darasa zima limesimama kwenye shamba lake. "Muangalie msinivunjie chai," akasema. Kisha akamvua binti yake kikapu, akakivaa mwenyewe.

Chebet alifanya mtihani akapita, na baadaye akafundisha hesabu vizuri kuliko mimi. Mpaka leo tukikutana sokoni ananiuliza, "Mwalimu, jua liko wapi?" Namjibu, "Liko kwenu," na tunacheka mpaka watu wanatushangaa.

Basi sikia nasaha yangu. Ukitaja namba, taja na kipimo chake, iwe ni njia ya jua ama ni shimo la chai. Na mdogo wako akikuambia umekosea, usimtazame umri. Chukua kamba upime kwanza. Akiwa amekosea yeye, utamfundisha. Ukiwa umekosea wewe, nenda ukaseme pale pale ulipomwaibishia, watu wale wale wakisikia. Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu. Yangu ilifika uani tu, na mtoto wa watu akabaki upande wa pili.

Mungu akupe kamba ndefu, akupe na mtu wa kukuonyesha fundo lililokosewa, na siku hiyo akupe moyo wa kumsikiliza.