Kizingiti cha Monasteri

Nilipokuwa mtoto, kila likizo kubwa tulitoka Kalemie kwenda kwa nkambo, mama yake baba, kule milimani juu ya Kirungu, ambako Julai unalala na koti. Juu kabisa palikuwa na monasteri. Watawa wazungu waliijenga, wakasali humo miaka mingi, kisha wakaondoka au wakafa. Ilitegemea nani anasimulia. Zilibaki kuta, mlinzi mmoja, na neno: mwanamke akivuka kizingiti kile, tumbo lake linafunga. Hazai tena.

Neno lenyewe lilikuwa na faida kwa wengine. Kiangazi, chemchemi pekee isiyokauka ilikuwa ndani, uani mwa watawa. Wanaume waliingia, wakachota, wakapumzika kivulini. Wamama waliteremka bondeni na ndoo, wakapanda nazo kichwani.

Mwaka mmoja magoti ya nkambo yalikataa bonde. Akanishika mkono, tukaenda mlangoni moja kwa moja.

“Mama, hapa hamupiti,” alisema mlinzi, Papa Kalunga. “Tumbo litafunga.”

“Langu lilishafunga zamani, Papa. Nilishukuru Mungu.”

“Na huyu mutoto?”

Nkambo hakuwa mtu asiyeamini; mahali pa mizimu hakupita bila kuacha unga kidogo. Mkono wake ulilegea, kisha ukanibana tena.

“Matofali ya hizi kuta tulibeba sisi wanamuke. Nilipita hapa kila asubuhi na mimba ya baba yake huyu, hakuna aliyenikataza. Mulango ndio ulikuja nyuma, tulipomaliza kujenga, pamoja na hilo neno lenu.”

Tukaingia. Maji yalikuwa baridi mpaka meno yakauma. Juma lile lile wamama wengine walikuja na ndoo zao, na Papa Kalunga akaona afadhali aende kuangalia mizinga yake ya nyuki.

Leo nina diplome, nina mume, sina mtoto. Wanachosema wakwe zangu mnakijua tayari. Wale wamama walizaa mpaka shule ikakosa mabenchi, lakini hao hawahesabiwi. Ushahidi ni mimi. Daktari alinieleza sababu, nami sijamweleza mtu. Kulia, nimelia. Kujuta, hapana.

Julai hii napanda tena. Nilimwomba mdogo wangu anipe binti yake twende naye. Aliniangalia, halafu akamwangalia mtoto.

“Mupeleke,” akasema. “Lakini abebe ndoo yake mwenyewe.”