Upande wa Mtungi

Sisi tuliokulia Tabora wakati kila sebule ilikuwa na mtungi wa maji kwenye kona, tunajua Septemba inavyoingia ndani ya nyumba. Inaanzia midomoni. Midomo inapasuka, visigino vinachanika, mlango wa mbao unasinyaa mpaka komeo haligusi tena. Ukicheza rede saa nane mchana ulirudi pua imekauka kama ganda la karanga. Tulikula michembe, vile vipande vya viazi vilivyokaushwa juani, na hewa tuliyovuta ilikuwa kana kwamba imeanikwa pamoja navyo.

Katika hewa hiyo mama alifuga mti wa Krismasi. Nasema mti wa kweli, wa jamii ya misonobari, wenye matawi yanayotoka kwenye shina kwa ngazi na majani membamba kama sindano. Alipewa mche na mwalimu mmoja ambaye yeye mama alikuwa akimfulia nguo, siku mwalimu huyo alipohamishwa. Nje mbuzi wangeumaliza kwa siku moja, kwa hiyo ukakaa sebuleni kwenye kopo kubwa la rangi, katikati ya dirisha na mtungi. Kila Desemba baba mkubwa alituletea pamba kutoka shambani kwake Igunga, na mama akaitandaza juu ya matawi. Alisema ni theluji. Hakuna kati yetu aliyewahi kuiona theluji, tukakubali.

Mama alifariki mwezi wa saba. Baba alikuwa ametangulia miaka miwili kabla. Matanga yalipoisha, ndugu walikaa wakatugawa: pacha, Kulwa na Doto, waende Igunga kwa baba mkubwa, Shija, mdogo wetu wa kike wa miaka sita, aende Usinge kwa shangazi. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita. Nilisimama nikasema, "Baba mkubwa, tuache hapa mpaka Krismasi."

Akanijibu, "Krismasi nakuja. Nikikuta hawa wamechakaa, sitajadiliana na wewe."

Niliacha shule, nikaanza kuziba pancha za baiskeli sokoni. Shija yeye alikuwa na hesabu yake. Alisema mti wa mama ukifa, tunagawanywa. Hakuna aliyemwambia hivyo, wala hakuna aliyeweza kumtoa kwenye wazo hilo.

Mwisho wa Agosti majani yakaanza kugeuka kahawia. Nikafanya ambalo mtoto yeyote wa nchi kavu angefanya: nikamwagilia. Asubuhi, mchana, jioni. Udongo ukaanza kunuka kama mtaro, na majani yakazidi kupukutika. Shija aliyaokota akayaweka kwenye kasha la kiberiti.

Siku moja akapita jirani yetu, Bi Zuhura, aliyekuwa akiuza vitumbua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbona nyumba inanuka dimbwi?"

Nikamweleza. Akacheka mpaka akashika kiuno. "Wewe, midomo yako ikipasuka kwa upepo, unaloweka miguu?" Kisha akauzunguka mti taratibu. "Hebu njoo utazame huku."

Upande wa dirishani ulikuwa umeungua wote. Upande wa mtungi ulikuwa kijani.

Sote tulipita pale kila siku na hatukuona. Mtungi wa udongo hutoka jasho, na jasho lile huingia hewani. Mti ulikuwa ukilinywa kwa majani. Kiu yake haikuwa mizizini.

Basi tukabadili kazi. Mti tukausogeza mbali na dirisha, karibu kabisa na mtungi. Jiko la mkaa likahamia uani. Chini ya kopo tukaweka sinia lenye kokoto na maji kidogo, kopo likae juu ya kokoto lisiguse maji. Dirishani tukaning'iniza gunia lililoloweshwa. Udongo wenyewe tukaacha mpaka ukauke juu, kina cha kidole, ndipo tumwagilie. Na kila asubuhi pacha walijaza maji mdomoni wakayapuliza kwenye majani, kama fundi cherehani anavyopulizia nguo kabla ya pasi. Nusu ya maji ilimwishia Shija usoni. Tulifanya asubuhi tu, ili majani yalale makavu yasiote ukungu.

Lakini mtungi uliopungua hautoi jasho la kutosha, kwa hiyo ilibidi ujae siku zote. Kisimani nilikuwa mvulana pekee mwenye ndoo kichwani. Wasichana hawakuacha kunitania.

"Wifi, mumeo hajambo?"

"Hajambo, anawasalimu," nilijibu, nikasogea kwenye foleni. Baada ya wiki mbili walichoka. Nilijaza asubuhi na jioni, mpaka pacha walipoweza kushika zamu.

Baba mkubwa alifika mkesha wa Krismasi, na kifurushi kwapani. Hakuutazama mti. Aliketi akaomba maji. Shija akachota kwa kata, akapiga magoti, akampa kwa mikono miwili. Alikunywa yote, akainuka, akafunua mtungi na kuchungulia. Maji yalikuwa shingoni.

"Nani anajaza huu?"

"Zamu," Kulwa akasema. "Leo mimi, kesho Doto. Jumapili kaka."

"Mara ngapi?"

"Asubuhi na jioni. Mti haupendi mtungi uliopungua."

Hapo ndipo alipougeukia. Ulikuwa na upara upande mmoja, na Shija alikuwa ameuelekeza upara huo ukutani. Baba mkubwa akafungua kifurushi. "Haya, chukueni theluji yenu," akasema. Habari ya kugawana haikutajwa tena.

Mti ulipogusa dari tuliuhamishia nje, tukauzungushia miiba kwa sababu ya mbuzi. Leo umepita paa. Shija anaishi Dar es Salaam na ana mti wake sebuleni. Juzi alinipigia simu kusema kwamba unakauka. Dar, ambako chumvi inayeyuka kwenye kopo! Amefunga madirisha akawasha kiyoyozi, hewa yote ya bahari imebaki nje. Mwanawe akamnunulia mashine ya kutoa mvuke inayowashwa kwa simu. Simu ikiisha chaji, mti unalala na kiu. Nikamwambia anunue mtungi. Kijana wake akauliza kwa nyuma, "Mjomba, unachomekwa wapi?"

Mti haukufa, na mwishowe tuligawanyika vilevile, kila mtu kwa njia yake: Doto yuko Mwanza, Kulwa alirithi shamba la pamba. Mtungi ni uleule. Zamani niliujaza mara mbili kwa siku. Siku hizi nikiujaza Jumatatu, Ijumaa bado una maji.