Pasipoti Kati ya Makaisari

Alfayo Mukhwana alikuwa dereva wa Mzee Hashim, mkusanyaji wa sarafu za Kirumi, mtaani Al-Rawdah, Jedda. Wana wawili wa mzee hawakuwa na subira ya kusikiliza habari za sarafu. Kwa hiyo Ijumaa jioni msikilizaji alikuwa dereva.

"Huyu ni Kaisari Severo," mzee alisema jioni moja. "Upande wa nyuma wa sarafu ni wanawe, ili hata muuza vitunguu ajue ni nani watakaorithi."

"Na walirithi, baba?"

"Wote wawili. Kabla mwaka haujaisha mkubwa alimwua mdogo." Akamwonyesha sarafu ya shaba yenye kichwa kimoja na, pembeni yake, shimo. "Hapa palikuwa na uso wa mdogo. Waliukwangua."

"Aliyekwangua hakuwa mvivu," Alfayo alisema, na mzee akacheka hadi akakohoa.

Wezi walipovunja chumba cha mtaani Karantina alimokuwa akilala siku za mapumziko, Alfayo mwenyewe aliomba pasipoti yake ihifadhiwe katika kasha la chuma la sarafu. Mzee alikubali.

Mzee alifariki bila kumtaja mrithi wa sarafu. Sami, wa Jedda, na Majid, wa Riyadh, kila mmoja alidai kuwa ameahidiwa. Wakaliwekea kasha kufuli mbili, kila mmoja na ufunguo wake, hadi kadhi aamue.

Ndipo Fidel, mdogo wake Alfayo, alipopiga simu kutoka Bungoma: mama amefariki, mazishi ni Jumamosi, na ukoo unamngoja kifungua mimba atupe udongo wa kwanza. Ruhusa ya likizo mzee alikwisha kuitoa kabla ya kufa. Kilichokosekana ni pasipoti. Ubalozini aliambiwa kuwa hati ya dharura huchukua majuma.

"Ufunguo wangu huu hapa," Sami alisema. "Mwambie Majid alete wake."

Alfayo akapanda basi hadi Riyadh. Majid alimkaribisha kahawa, akampa pole kwa upole wa kweli.

"Baba alikupenda kuliko sisi. Mwambie kadhi kwamba ulimsikia akiniahidi sarafu, nami kesho nitakuja na ufunguo."

"Bosi, sikumsikia akimwahidi mtu yeyote."

"Fikiri."

"Nimefikiri njia nzima. Fungua tu, bosi. Sami asimame mbali. Nitoe kitabu changu, mfunge."

"Leo pasipoti, kesho sarafu. Halas, yatosha, Alfayo. Maliza kahawa yako."

Jumamosi ilimkuta bado Riyadh, kituo cha mabasi, simu sikioni. Nyuma ya sauti ya Fidel watu walikuwa wakiimba.

"Kaka, jeneza limeshushwa. Wazee wanauliza."

"Tupa wewe."

"Kwa niaba yako?"

Alfayo alitazama abiria wakipandisha mizigo yao.

"Mimi sipo, Fidel. Tupa kwa jina lako."