Mlango Alioulala

Wanafunzi wake walimpachika jina la Sheikh Mnyororo, naye hakuchukia. Kila alipofundisha hadithi za Mtume alianza kwa kumtaja aliyemsomesha, na aliyemsomesha huyo, kizazi baada ya kizazi, mpaka wenye haraka wakaanza kuchungulia saa. Ujanani alivuka mipaka mitatu, akaishi miaka saba katika chumba cha wanafunzi wanne na magodoro mawili, ili akisikie kitabu kizima kutoka kinywani mwa mwalimu wake.

Kizima, isipokuwa mlango mmoja, sura moja tu. Alasiri moja ya joto, akiwa ametoka kufua nguo za wiki nzima, usingizi ulimchukua ameegemea ukuta. Alipozinduka, mlango wa haki za jirani ulikuwa umekwisha. Desturi ya darasa ilijulikana: aliyesinzia husema, huandikiwa pengo kando ya jina lake, kisha humsomea mwalimu mlango ule siku nyingine. Kazi ya dakika kumi. Yeye akaona haya, akanyamaza. Mwisho wa masomo akapewa ijaza, hati ya kumruhusu kufundisha, imeandikwa kwamba amesikia chote.

Haya ya dakika kumi aliibeba miaka thelathini na minne. Na tazama mambo yalivyo: sifa aliipatia kwenye mlango uleule. Kanisa lilipakana na msikiti wake. Yeye na padri waligombania vipaza sauti, wakapatana, na baadaye wakawa wanazunguka miji kuzungumza na watu wa dini zote mbili juu ya ujirani. Walitaniana kama mashemeji.

Siku moja, ukumbini, padri aliwaambia watu kwamba haki za jirani yeye huzisoma tu vitabuni, lakini mwenzake amezipokea kwa masikio yake kutoka kwa mwalimu.

"Neno kwa neno, si ndiyo, Sheikh?"

"Neno kwa neno," akajibu.

Padri akapiga makofi kwa moyo mweupe kabisa, na hapo ndipo Sheikh alipochomwa moyoni. Afadhali angekuwa amemdanganya adui.

Nyumbani chakula hakikupita. Mkewe alipomuuliza alimweleza yote, na mama yule hakumbembeleza.

"Mwalimu wako yu hai, baba. Nenda kausome huo mlango. Mficha uchi hazai."

Akasafiri siku mbili. Alimkuta mwalimu kitini, amekonda, kitabu mapajani. Akambusu mkono, akaanza kuungama. Binti wa mwalimu akamgusa bega: baba hasikii tena tangu mwaka juzi, amwandikie. Akaandika daftarini kwamba alilala mlango wa haki za jirani na amekuja kuusoma.

Mzee akasoma, kisha akasema kwa sauti kubwa ya wasiosikia, "Nilikuona umelala. Nilikuwa nakusubiri uje mwenyewe, mwanangu. Sasa utanisomea, nani akusikie?"

Sheikh akalia bila kujificha. Mzee akamwacha amalize, halafu akauliza amewapa wangapi ijaza. Akaandika: mia mbili na kumi na wawili.

"Basi hao wote waandikie kwamba mlango huo hukuusikia," mzee akasema. "Anza na wa kwanza."

Akafungua ukurasa mpya. Wa kwanza alikuwa binti wa Sheikh mwenyewe, ambaye sasa naye ana wanafunzi.