Aliyekufa Jumatatu

Nilishuka basi Hollywood mwaka 1951, nina barua ya kuniruhusu kuingia studio lakini sijui mlango ni upi. Aliyenionyesha ni Orville Tasker, mzee mwenye kofia ya mchunga ng'ombe, ambaye kwa miaka kumi na tisa alionekana kwenye filamu bila kusema neno. Siku hiyo alikuwa amepewa sentensi moja: "Mvua inakuja, bwana." Akiisema vizuri, angehesabiwa mwigizaji, si mtu wa kujaza umati tena.

Kamera ilipowashwa, aliitamka kama anayeaga maiti.

"Kata! We mzee, unamlilia nani?" mwongozaji akafoka.

"Nilipigwa risasi Jumatatu, bosi."

"Jumatatu tulipiga mwisho wa filamu. Leo tunapiga mwanzo. Hujafa!"

"Ila najua kwamba nitakufa?"

"Hujui kitu!"

"Lakini mimi mbona najua?"

Watu wakaangua kicheko. Alirudia mara tatu, na kila mara mvua ikazidi kuwa msiba. Mwishowe sentensi akapewa mtunza farasi, akaisema huku anatafuna tumbaku, ikakubaliwa.

Nje, Orville alivua kofia akafunga tai. Alikuwa anawahi studio nyingine, kuigiza kwenye harusi ya mwanamke ambaye wiki iliyopita, katika filamu hiyohiyo, walikuwa wamemzika.

"Eti ndugu yangu," aliniuliza akipanda basi, "pale nicheke, au?"

Basi likaondoka naye, nami nikabaki kituoni.