Onyo Kwenye Simu

Mimi ni mvivu wa kuzunguka tovuti moja moja. Kwa hivyo niliweka kwenye simu programu inayonikusanyia habari mpya za tovuti ninazozipenda: mapishi, mpira, na redio moja ya huku kwetu Nakuru. Kitu kikitoka, naletewa. Nilijiona mjanja kweli.

Msimu mmoja wa mvua, nikiwa sokoni nachagua nyanya, simu ililia. Redio ile ilisema mlima umeporomoka Kuresoi, wanaoishi chini yake wahame mara moja. Mama yangu anaishi chini ya mlima huo, yeye na viazi vyake. Nilimpigia, hapatikani. Nikapiga tena, hapatikani. Nikaketi juu ya gunia la watu.

Hatimaye akashika. Nilipiga kelele hadi soko likageuka.

"Mama, toka kwa nyumba saa hii! Mlima inaanguka!"

"Wacha nivae viatu."

"Wachana na viatu!"

Alikimbilia kanisani miguu mitupu, mvua ikimpiga. Mlima haukuwa umesogea hata kidogo. Nilipoifungua habari ile vizuri nikaona tarehe: ilikuwa ya mwaka juzi. Redio ilikuwa imehamia tovuti mpya, na programu yangu ikanimwagia habari zao zote za zamani kana kwamba zimetoka siku hiyo. Mama alikohoa wiki nzima. "Wewe na hiyo simu yako," akaniambia, "mtaniua kabla ya mlima."

Mwaka uliofuata mvua ilinyesha siku nyingi bila kukata. Onyo la Kuresoi likaja tena. Safari hii niliisoma tarehe kwanza, kisha nikaingia kwenye tovuti yenyewe kuhakikisha. Lilikuwa la siku hiyohiyo. Nikampigia, akashika mara moja.

"Hiyo ni ya mwaka gani?" akaniuliza, akaangua kicheko.

Nilitaka kumweleza habari za tarehe. Nikaishia kulia tu, kama mtoto. Kicheko chake kikakatika.

"Unalia?"

Nikazidi kulia.

"Basi natoka," akasema. "Nyamaza, natoka."

Udongo ulifika kabla ya jioni, Mama akiwa tayari kanisani, ukajaa jikoni kwake hadi dirishani. Kiti alichokuwa amekalia akiniongelesha hatujakipata hadi leo.