Tulisharipoti

Binti yangu aliingia uani amelowa mpaka kifuani, na jua lilikuwa linachoma. Nilikuwa napeta choroko, mdogo wake mgongoni. Binti alikuwa na kiatu kimoja mguuni, kingine hakipo. Nikamuuliza umepita wapi. Akasema hakuanguka. Sikuwa nimeuliza kama ameanguka. Yuko darasa la kwanza, bado hajajua kupanga uongo.

"Nilikuwa nanawa miguu, mama. Udongo ukakatika. Kuna ng'ombe alikuwa ameingia majini, nikamshika mkia."

Nikaweka ungo chini. Nikampigia simu mtendaji wa kijiji, kijana wa rika langu, nikamweleza kwamba mwanangu ametolewa shimoni na mkia wa ng'ombe. Nilisikia anatafuna kitu. Kisha akasema, "Dada yangu, lile shimo tulisharipoti."

Hapo ndipo nilipofika mwisho wa subira.

Shimo lenyewe lilichimbwa na watu wa barabara. Walikuja kuchukua moramu, wakachukua, barabara ya kuingia Bariadi ikawa nzuri, wakaondoka na mitambo yao. Waliacha shimo ambalo ungeweza kuingiza humo kanisa letu ukabakiwa na nafasi ya kuegesha matrekta. Mvua zikalijaza. Upande mmoja una mteremko, ng'ombe wanashuka na kupanda bila shida. Upande wa pili umekatwa wima kama ukuta, na juu ya ukuta huo ndipo inapopita njia ya watoto wa shule. Wenye ng'ombe wanaliita lambo. Kiangazi ng'ombe wao hawasukumwi tena mbali kutafuta maji, wanakunywa hapo hapo na kurudi. Mwenye kundi kubwa kuliko wote ni mwenyekiti wa kitongoji chetu. Naye nilikuwa nimeshamwambia. Naye alikuwa amesharipoti.

Nilimfunga mdogo vizuri mgongoni, nikamwacha binti kwa mama mkwe, nikatoka. Mama mkwe akaniita, "Mayu, mama, unakwenda wapi na hasira hiyo?" Sikumjibu. Mume wangu alikuwa huko Mkula kwenye mashamba ya mpunga, hakukuwa na wa kunishika mkono. Nilipofika ukingoni mwa shimo nikaona alama ya mguu mdogo kwenye udongo uliomeguka. Nikaweka kiganja mdomoni, nikapiga mwano.

Kwa asiye wa huku, mwano ni yowe la ng'ombe kuibiwa. Ukiusikia unaacha jembe, unaacha uji jikoni, unakimbia. Asiyekimbia ataulizwa na sungusungu alikuwa wapi. Na anayepiga mwano pasipo wizi ataulizwa zaidi. Nililijua hilo tangu utoto wangu kijijini Shishiyu. Nilipiga hivyo hivyo, na walioko mbali wakaupokea na kuupitisha mbele.

Wakaja. Waliokuwa kwenye pamba walikuja na vumbi lao, wengine na fimbo, wengine na mapanga, wawili wamepakizana kwenye pikipiki. Mwenyekiti alifika anahema, shati halijafungwa.

"Wamepita upande gani?"

"Hawajapita," nikasema. "Wamo humu."

Watu wakachungulia maji. Mmoja akauliza kama ng'ombe wamezama. Nikawaambia leo nusura azame mtu, mwanangu, ametoka kwa kushika mkia wa ng'ombe, na mtu naye anahesabiwa mali siku hizi kama ng'ombe, au mmeshaacha?

Mwenyekiti alipoelewa, alicheka kwa hasira. "Kumbe huyo aliyeshikwa mkia ni jike langu jekundu, leo wangu tu ndio walionywa hapa. Basi nishukuru, mayu. Ng'ombe wangu kamwokoa mwanao, wewe unamtukana mwenye ng'ombe."

"Ng'ombe wako nimemshukuru. Yeye alikuja."

Wanawake waliokuwa nyuma wakacheka. Mwenyekiti hakucheka tena. Akasema mwano si wa kuchezea, na kikao kitakaa juu yangu. Nikamwambia kikae, ila kabla hakijakaa, achomeke fimbo yake majini pale ukingoni, njia inapopita, atuambie maji yana kina gani. Hakutaka. Mzee mmoja mwenye fimbo ndefu ya kuchungia akapiga magoti ukingoni, akazamisha. Ikaingia yote, mpaka mkono wake ukalowa kwenye kiwiko. Akaagiza mti. Ukaletwa mti wa kuezekea, mrefu kuliko mlango, nao ukaenda wote. Yule mzee akabaki amepiga magoti, anautazama mkono wake. Mjukuu wake anapita pale kila asubuhi.

"Nitaripoti," akasema mwenyekiti.

Usiniulize nilimjibu nini. Kanisani bado wananitazama.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa mjini, kwenye benchi la ofisi ya mkurugenzi, nasubiri mtu wa masjala afungue. Sikuweza kutulia. Nilikaa, nikasimama, nikampa mtoto ziwa nimesimama, nikatembea mpaka kwenye mbao za matangazo na kurudi. Neno lile, kuripoti, lilikuwa linanizunguka kichwani kama nzi.

Babu yangu, baba wa mama, alilipata neno hilo enzi za Mwingereza, alipokuwa kwenye kundi la kutengeneza barabara. Kwake kuripoti lilikuwa jambo la miguu. Daraja likikatika, unatembea mpaka kwa mkubwa, unavua kofia, unasema nimeliona kwa macho yangu, kisha unarudi naye mpaka kwenye daraja. Usiporudi naye, alisema, hujaripoti, umepiga hadithi. Mama yangu alilichukia neno hilo. Kwake kuripoti kulikuwa kwenda polisi kumchongea jirani, na mwanamke wa namna hiyo alinyimwa moto na majirani. Mimi nililipokea kwa furaha. Nilipochaguliwa kidato cha kwanza nilitakiwa kuripoti shuleni, na nikaripoti, godoro kichwani, ndoo mkononi, jembe jipya begani. Kuripoti kulikuwa kufika. Walikuwapo wasichana tuliomaliza nao msingi ambao hawakuripoti, na kila mtu alijua maana yake, kwamba nyumbani kwao ng'ombe wa mahari walikuwa wameshaingia.

Mwalimu wetu wa Kiingereza, mwanaume mfupi aliyependa asili za maneno kuliko mitihani, siku moja aliacha somo akatueleza. Akasema neno hilo lilianza kwa Warumi wa kale, na kwao lilikuwa kubeba kitu na kukirudisha. Likapita kwa Wafaransa, Waingereza wakalichukua wakalifanya kusimulia ulichokiona au kukisikia. Baadaye likawa kuandika yaliyosemwa barazani na mahakamani. Baadaye sana ndipo likawa kujitokeza mbele ya mkubwa wako, kwamba nipo, nimefika. Tulimcheka, tukasema hilo halitoki kwenye mtihani. Halikutoka. Lilitoka asubuhi ile, nikiwa kwenye benchi, maziwa yananivuja kwenye blauzi.

Maana mzigo ule umeangushwa njiani. Mdogo wangu wa kike anaripoti kwa kidole gumba. Mtu akimtukana mtandaoni anabonyeza, anaendelea kula. Mtendaji naye hivyo hivyo. Alipiga picha ya shimo akairusha kwenye kundi la viongozi, mkubwa mmoja akaweka alama ya kidole gumba kilichosimama, basi. Shimo likawa la aliyetumiwa. Ukimuuliza huyo, naye ameshamtumia wa juu yake. Nimejaribu kumpata mtu ambaye shimo bado liko mikononi mwake, sijampata. Wote wamelitua. Aliyerudi na mzigo nyumbani ni mtoto wa darasa la kwanza, na mzigo wenyewe ulikuwa maji ndani ya sare.

Hata mama mkwe alinishangaa. Jioni ile, akimkausha binti kwa khanga yake, alisema, "Ungesubiri. Wamesharipoti, nini kingine unataka?" Hakusema kwa ubaya. Ameishi na watu hawa miaka yote, atazikwa nao. Nikamwambia nataka mtu mmoja aje asimame pale juu avue kofia. Akaniangalia kama mgonjwa, akaendelea kukausha.

Mtu wa masjala alifungua. Nikampa karatasi. Akaisoma mstari wa juu akaigeuza nyuma, akaona hakuna muhuri.

"Dada, hii imepitia kwa mtendaji wa kijiji?"

"Haijapitia. Imekuja."

"Inatakiwa ianzie chini."

"Imeanzia chini. Kachungulie, chini kwenyewe mti haujafika."

Akanitazama, akamtazama mtoto mgongoni, akachukua muhuri wa kupokelea. Nilidai augonge na kwenye nakala yangu. Akaugonga. Nilichoandika ni hiki, sijakirembesha:

Kwa Mkurugenzi.

Yah: Malalamiko juu ya shimo la moramu lililoachwa wazi kando ya njia ya wanafunzi.

Mimi ni mama wa watoto wawili, mkulima, elimu yangu kidato cha nne. Nalalamika kwamba shimo lililochimbwa na watu wa barabara limejaa maji, na upande wa njia ya shule halina kizuizi. Mtoto wangu ametumbukia, ametoka kwa kushika mkia wa ng'ombe. Siku nyingine ng'ombe anaweza asiwepo.

Nawalalamikia mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji. Niliwaambia, wakajibu wamesharipoti. Sijaona mtu aliyekuja.

Siombi shimo lifukiwe. Ng'ombe wanakunywa, na sisi tunaishi kwa ng'ombe. Naomba upande wa njia uzungushiwe minyaa na miiba kabla mvua hazijarudi, na njia ya watoto isogezwe. Minyaa nitakata mwenyewe, na wanawake wa kitongoji wamekubali kupanda. Tunachokosa ni amri ya kusogeza njia, kwa sababu itapita kwenye shamba la mwenyekiti.

Nakiri nilipiga mwano bila wizi wa ng'ombe. Sungusungu wakinihukumu nitakwenda kusikiliza. Barua hii isisubiri hukumu hiyo.

Naomba msiwapigie simu waliotajwa hapo juu kuwauliza kama ni kweli. Naomba mtu aje kwa miguu yake. Nitamwonyesha alama ya mguu, kama ng'ombe hawajaikanyaga. Aje na mti mrefu, ule wa kwetu haukufika.